Barua ya wazi kwa wakubwa wenye kalamu ya bajeti: mhesabuni binti siku anayomaliza, sio siku anayoandikishwa

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia nyie mawaziri, wakurugenzi, wakuu wa shule, wafadhili na nyie wa mabenki, wote kwenye barua moja, kwasababu mambo ya mtoto wa kike wa familia masikini mmegawana vipande vipande. Wa elimu anasema pedi ni mambo ya afya, wa afya anasema choo ni cha shule, mkuu wa shule anasema barabara sio yake, wa barabara hana habari kama kuna binti anapita hapo alfajiri giza totoro peke yake, na benki wao wanasubiri akue ndo wamuulize dhamana. Kila mmoja ukimsikiliza unaona ana sababu, ila binti mwenyewe anadondokea katikati, pale ambapo hakuna ofisi ya mtu.

Mimi nafundisha darasa la jioni la kina mama, kusoma, kuandika na hesabu, najitolea, mwaka wa 6 huu. Na kilichonikalisha chini niandike ni hiki. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu nani hajawahi kabisa kukanyaga darasani utotoni, nikategemea mikono yote itaenda juu, ikanyanyuka michache tu. Wengi waliwahi. Waliandikishwa. Majina yao yapo kwenye marejista ya zamani huko, walihesabiwa, na mwaka ule kwenye ripoti ya mtu fulani walikuwa mafanikio. Alafu wakapotea mmoja mmoja, huyu darasa la pili, yule la nne, mwingine wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, na hakuna aliyeandika ripoti ya kupotea kwao. Hakuna hata aliyeenda kubisha hodi kuuliza mbona fulani simuoni.

Kuna mmoja, ni mtu mzima, ana wajukuu, mi namwita mama na yeye ananiita mwalimu. Siku ya kwanza kuja aliniambia mwalimu mimi a e i o u sitaki, nifundishe jina langu tu niondoke. Nikamuuliza kwanini, akanisimulia. Alikuwa kwenye kikundi cha mkopo, akaletewa karatasi akaambiwa weka dole hapa, ni mahudhurio, akaweka. Kumbe amemdhamini mtu. Yule mtu akashindwa kulipa, akahama, na huyu mama wakaja kumchukulia cherehani yake ambayo ndo ilikuwa inaendesha nyumba nzima. Hakuibiwa na mtu mwenye panga, aliibiwa na karatasi.

Jina peke yake lilituchukua jioni tatu. Alikuwa anaikamata kalamu kama mpini, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, na siku alipolipata, halijanyooka vizuri, herufi ya mwisho imeshuka chini ya mstari, akaigeuza ile karatasi akapitisha kidole kwa nyuma, manake alivyokandamiza zile herufi zinapapasika hata upande wa pili, akanyamaza muda mrefu. Alafu akakichana kile kipande akakitia nyuma ya kava la simu. Kipo hapo mpaka leo. Hiyo a e i o u aliifuata mwenyewe wiki iliyofuata bila kuitwa.

Sasa waheshimiwa, huyu mama hayuko peke yake. UNESCO wamekuwa wakisema miaka nenda rudi kwamba katika watu wazima wote duniani wasiojua kusoma, karibu theluthi mbili ni wanawake, na hiyo theluthi mbili kwa miongo kadhaa imegoma kushuka. Wengine wanakufa, wengine wanazaliwa, wanakua, wanaingia kwenye hesabu ileile. Haki ya elimu imeandikwa kwenye Tamko la Haki za Binadamu tangu 1948, kifungu cha 26, kwahiyo hapa hakuna mtu anayeomba hisani.

Na mwaka 2018 Benki ya Dunia walitoa ripoti ya hasara ya kutosomesha mabinti, ina namba ambayo natamani ibandikwe kwenye ukuta wa kila wizara. Wanawake wenye elimu ya sekondari wanaingiza karibu mara mbili ya wale ambao hawakusoma kabisa. Ila wale wenye elimu ya msingi tu wamewazidi wasiosoma kwa asilimia 14 mpaka 19, basi. Yani faida kubwa iko huko mbele, kule ambako mabinti wa masikini ndo hawafiki. Tunatumia hela nyingi kuwapandisha basi, alafu tunawashusha njiani kabla ya kituo, na kwenye vitabu vyetu tunaandika abiria wamesafiri.

Hapo ndo ombi langu lilipo. Msinitajie tena wangapi wameingia. Nitajieni wangapi wamemaliza, na yule aliyeacha kuja mlimfuata baada ya siku ngapi.

Kwasababu huwa haachi kwa jambo moja kubwa. Anaacha kwa vitu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja peke yake ukikitaja kwenye kikao watu wanaona unapoteza muda wao.

Chukua umbali. Jimbo la Bihar kule India, 2006, serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa hela ya kununua baiskeli. Baiskeli tu, hakuna maajabu. Watafiti walipokuja kupima wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa karibu theluthi nzima, na umepanda zaidi kwenye vijiji ambavyo shule iko mbali. Mi hilo halinishangazi. Mzazi anayemzuia binti kutembea masaa mawili kwenye njia yenye vichaka, wakati mwingine hana chuki na elimu, anaogopa, na uoga wake una sababu. Mpe njia ya kumfikisha mtoto salama uone kama atamzuia.

Au chukua hela mkononi. Bangladesh walianza kuwalipa wasichana wa vijijini posho ya sekondari, ikaenea nchi nzima mwaka 1994. Sharti lilikuwa ahudhurie asilimia 75 ya siku za shule, apate angalau 45 kwenye mitihani, na asiolewe. Leo kule sekondari wasichana ni wengi kuliko wavulana. Sidanganyi kwamba shida iliisha, ndoa za utotoni Bangladesh bado ni nyingi mpaka inauma, ila watoto waliingia na walibaki. Na Mexico kwenye mpango wao ulioanza 1997 walifanya jambo moja la akili sana, hela wakaipitisha kwa mama wa familia, na posho ya msichana wa sekondari wakaifanya kubwa kidogo kuliko ya mvulana, kwasababu waliona msichana ndo anayeondolewa kwanza nyumba ikibanwa. Waliangalia shimo liko wapi, wakaziba palepale.

Alafu kuna hili la choo. Nitakaa hapa kidogo mnivumilie, maana kwenye vikao vyenu hapa ndo mnapopita mbio.

Niliwahi kwenda shule moja kuwatembelea mabinti wa wanafunzi wangu. Vyoo vipo, vimejengwa vizuri, vina kibao cha aliyevifadhili, vimepakwa rangi. Milango haina makomeo. Komeo, kile kichuma cha kufungia kwa ndani. Yalishang'oka siku nyingi. Kwahiyo wasichana wanaenda wawiliwawili, mmoja anaingia mwingine anasimama nje ameegemeza mgongo mlangoni, amekunja mikono, anaangalia huku na huku wavulana wasije wakasukuma. Nikauliza je siku mwenzio hajaja shule? Akanijibu najibana mpaka nyumbani. Mwingine akasema yeye akiwa kwenye siku zake asubuhi hanywi maji kabisa ili asihitaji kwenda. Binti wa miaka 13 anakaa na kiu toka asubuhi mpaka jioni, kichwa kinamgonga, na mwalimu wa hesabu anashangaa mbona huyu siku hizi hashiki kitu. Akishindwa mtihani tutasema hana akili, akiacha shule tutasema wazazi hawana mwamko.

Ndo maana hata pedi peke yake haitoshi. Nawapongeza waliochukua hatua, Kenya waliondoa kodi kwenye pedi tangu 2004, Scotland 2020 wakapitisha sheria zitolewe bure kwa kila anayehitaji, ni mambo mazuri. Ila pedi anabadilishia wapi kama mlango haufungi na maji hayatoki? Nendeni mkasukume milango ya vyoo kwa mikono yenu wenyewe. Msitume afisa na fomu, nyie wenyewe.

Na kuna binti aliyepata mimba. Hapa najua wengi mnanuna. Sierra Leone waliwazuia wajawazito shuleni kwa miaka, mpaka mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi ikasema Desemba 2019 huo ni ubaguzi, na Machi 2020 zuio likaondolewa. Tanzania nayo Novemba 2021 ikatangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana. Ila nimeona pia kinachotokea baada ya tangazo. Binti anaruhusiwa kurudi, mtoto mchanga anamuacha na nani? Mama yake mzazi yuko kwenye vibarua. Maziwa yanamjaa saa nne asubuhi yanalowesha sare, darasa zima linacheka, mwalimu naye kuna siku anatia neno. Wiki ya tatu hayupo. Kwenye makaratasi yenu huyu ni mwanafunzi aliyerejeshwa shuleni. Anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, nafasi ya kunyonyesha, na mkuu wa shule atakayesimama mbele ya wenzie aseme huyu ni mwanafunzi kama nyie na asiguswe. Na yule mwanaume aliyempa mimba, ambaye mara nyingi ni mtu mzima na anajulikana mtaa mzima, mbona kwenye hili hamna barua inayomtafuta?

Siwezi kupita bila kuwataja wasichana wa Afghanistan, ambao tangu 2021 wamefungiwa sekondari na tangu Desemba 2022 vyuo vikuu navyo. Wao mlango umefungwa kwa amri ya wazi. Nyie ambao milango yenu iko wazi kwa sheria mna kazi rahisi kuliko hiyo, basi ifanyeni.

Niwageukie wa mabenki na wa miradi ya mikopo, maana mama aliyekwisha kukosa shule hawezi kusubiri wajukuu zake wasome ndo ale.

Tunamheshimu Muhammad Yunus, yule mchumi aliyeanza 1976 kuwakopesha masikini hela ndogondogo kijiji cha Jobra huko Bangladesh, ikawa benki kamili, Grameen, 1983, akapewa Nobel 2006 pamoja na benki yenyewe, na aliwaonyesha watu kwamba mwanamke masikini analipa deni. Hiyo hakuna wa kuipinga. Ila kilichofuata ni kila mtu kudhani ukishampa mwanamke mkopo umemtoa kwenye umasikini, na hapo ndo tulipoteleza. Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti 6 kwa pamoja, kutoka nchi 6, Ethiopia, Morocco, India, Mexico, Mongolia na Bosnia, zote zikaja na jibu linalofanana, mikopo midogo peke yake inasaidia kiasi, haigeuzi maisha ya watu wengi. Mwanafunzi wangu wa cherehani angewaambia hivohivo bila utafiti.

Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine, nchi 6 pia, kaya zaidi ya 10,000, wa ule mpango ambao BRAC, shirika la maendeleo la huko, waliuanzisha Bangladesh 2002. Huo hauanzi na deni. Unampa mtu masikini kabisa kitu cha kuzalisha, kama ng'ombe au mbuzi au mtaji wa biashara, anapewa posho ndogo ya kula ili asile mtaji, anafundishwa kazi, anafundishwa kuweka akiba, na kuna mtu anamtembelea nyumbani mara kwa mara kama miaka miwili. Walipokuja kupima mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, familia bado zilikuwa juu ya pale zilipokuwa. Angalieni hapo kilichofanya kazi, ni vitu vingi kwa pamoja na mtu wa kurudi kubisha hodi. Ni kilekile ninachowaambia kuhusu shule.

Na kina mama wakiachiwa nafasi wanajijengea wenyewe. Niger, eneo la Maradi, 1991 vilianza vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo leo vimeenea nchi nyingi sana. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hela inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti ili hata asiyejua kusoma ajue kilichopo. India, mji wa Ahmedabad, Ela Bhatt na chama cha kina mama wa kazi za mitaani, wabeba mizigo, wauza mboga, walianzisha benki yao 1974, kina mama 4,000 kila mmoja akatoa rupia 10. Wakaambiwa nyie hamjui kusoma mtaendeshaje benki, wale waliotakiwa kusaini usajili wakakesha usiku kucha wanafundishwa kuandika majina yao. Nilivyowasimulia darasani kwangu hicho kisa, yule mama aligonga meza kwa kofi, akasema umeona!

Jambo la umiliki nalitaja kwa kifupi japo sio dogo. Mwanamke analima shamba miaka 20, mume akifariki anakuja shemeji na karatasi. Rwanda walibadilisha sheria 1999 binti akarithi sawa na kaka yake, Ethiopia maeneo mengine cheti cha ardhi kina picha ya mume na ya mke. Inawezekana, imefanyika, na haikuhitaji mabilioni.

Kwahiyo naomba nini. Shule itakayopoteza msichana iwe na mtu mwenye jina na namba ya simu ambaye ndani ya wiki moja ameshafika nyumbani kwao, na awe na uwezo wa kutatua, sio kwenda kutoa pole. Kwenye ripoti zenu za mwaka andikeni walioingia, na pembeni yake waliomaliza kutoka kundi lilelile, na hiyo tofauti katikati muisome kwa sauti bungeni. Makomeo. Maji. Madarasa ya watu wazima yaingie kwenye bajeti kama madarasa mengine, mwalimu alipwe, taa ziwepo, na kuwe na kona ya watoto wadogo, maana nusu ya wanafunzi wangu wanakuja na watoto mgongoni na mtoto akilia mama anatoka nje, na herufi iliyofundishwa dakika hizo inampita. Na benki, hii ni sheria ya mstari mmoja, mtu asiyejua kusoma asomewe karatasi yote kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, kabla hajagusa wino.

Na wawekeni wenyewe kwenye meza. India tangu 1993 angalau theluthi ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji imetengwa kwa wanawake, na watafiti waliokaa West Bengal wakakuta mabaraza yenye mwenyekiti mwanamke yanaweka hela zaidi kwenye maji ya kunywa. Ni wazi, yeye ndo aliyekuwa anayabeba. Huhitaji kumuelimisha kuhusu muda unaopotea njiani.

Barua hii niliisomea darasa kabla ya kuituma. Wakanirekebisha sehemu mbili, wakanambia pale kwa binti aliyejifungua nisiandike kwa upole. Alafu yule mama akasema mwalimu, barua ya watu inawekwa sahihi, akachukua kalamu akaanza yeye, karatasi ikazunguka. Nakala yenye wino naileta ofisini kwenu kwa mkono. Ina sahihi 19, hakuna dole gumba hata moja. Mbili kati yake zina herufi zilizogeuka, wenyewe wamesema zibaki hivohivo.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la jioni, pamoja na wanafunzi wake